Mzizi Mtamu na Homoni ya Dhiki

Liko swali linaloulizwa mara nyingi na watu waliokwisha kuvuka umri wa miaka 50, nalo ni hili: je, liko jani, gome au mzizi wowote unaoweza kuuzuia mwili usiwe na homoni ya dhiki kupita kiasi, na kwa njia hiyo kuukinga ubongo na uharibifu wa uzee? Wako wanaouliza hali wameshika mkononi kopo la vidonge walivyovinunua kwa bei ghali, na karatasi iliyobandikwa juu ya kopo hilo inawaahidi utulivu wa moyo na kumbukumbu ya ujana. Na wako wanaouliza kwa uchungu, kwa sababu mama aliyewafunza kuhesabu siku hizi hakumbuki kama ameswali adhuhuri au bado. Swali ni la haki, na mwenye kuliuliza anastahili jibu kamili, ambalo haliwezi kuwa neno moja la ndiyo wala neno moja la hapana.

Ili tusitawanyike, sura hii itafuata mmea mmoja tu, nao ni urukususu. Nimeuchagua kwa sababu, katika mimea inayotajwa kuhusu homoni ya dhiki, huu ndio ambao matabibu wameufuatilia kwa zaidi ya miaka 75, hatua baada ya hatua, mpaka ikajulikana ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi, kinafanya kazi gani, na katika kiungo gani cha mwili. Urukususu ni mmea wa jamii ya kunde, ambao humea kwa wingi katika nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Kati mpaka Iran na Asia ya Kati. Mizizi yake mikavu huuzwa na wauza viungo na dawa za asili, ikatafunwa au kuchemshwa kwa kikohozi na kukauka kwa sauti. Wagujarati huuita jethimadh, na katika Misri na Sham sharubati yake nyeusi hunywewa sana wakati wa kufuturu mwezi wa Ramadhani. Utamu wake hautokani na sukari. Unatokana na kemikali iitwayo glisirizini, ambayo ni tamu kuliko sukari ya miwa kwa kiasi cha mara 30 hadi 50, na kemikali hiyo ndiyo iliyobeba kisa chote tutakachokisimulia.

Homoni ya dhiki ni kitu gani?

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikatiwa katika damu, ikaenda kuamrisha kazi katika kiungo kilicho mbali na pale ilipotoka. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo yenye uzito wa gramu 4 au 5, nayo huitwa adrenali. Na miongoni mwa homoni zitokazo humo, iliyo mashuhuri kwa jina la homoni ya dhiki ni kotisoli. Mtu anapogongewa mlango usiku wa manane, au anapofikiwa na mdai na hali hana cha kumlipa, au anapokaa nje ya chumba cha upasuaji akingoja habari za mwanawe, kotisoli hupanda katika damu yake, ikaliamuru ini litoe sukari, ikasaidia kuidumisha nguvu ya msukumo wa damu, na ikaahirisha kazi ambazo mwili unaweza kuzingoja.

Ni kosa kubwa kuidhania homoni hii kuwa sumu. Tabibu wa Kiingereza, Thomas Addison, alieleza mwaka 1855 ugonjwa wa watu ambao tezi zao za adrenali zimeharibika: hukonda, hulegea, ngozi yao hufanya weusi, msukumo wa damu yao hushuka, na kabla ya kupatikana tiba walikuwa wakifa. Kwa hiyo anayeahidi kuiondoa kotisoli mwilini anaahidi mauti, hata kama hajui. Linalotakiwa ni kiasi chake na wakati wake. Katika mtu mzima mwenye siha njema, kotisoli huwa juu kabisa asubuhi anapoamka, kisha hushuka mchana kutwa, na karibu na usiku wa manane huwa imefika chini kabisa.

Uzee huuvuruga utaratibu huu. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wa umri mbalimbali, kuanzia miaka 20 hadi 80, vimeonyesha kwamba wastani wa kotisoli ya siku nzima huongezeka kwa asilimia 20 hadi 50, na kinachoharibika zaidi ni ule utulivu wa usiku, kwa maana homoni haishuki tena mpaka pale ilipokuwa ikishuka zamani. Mwaka 1998 mtaalamu Sonia Lupien na wenzake wa Montreal, Kanada, walieleza habari za wazee waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa: wale ambao kotisoli yao ilikuwa juu na inazidi kupanda mwaka hadi mwaka walishindwa katika mitihani ya kumbukumbu, na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ndiyo inayohifadhi mambo mapya tunayojifunza, ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao kwa asilimia 14. Uchunguzi wa namna hiyo hautoshi kuwa ithibati ya kwamba homoni ndiyo iliyoila sehemu hiyo, maana mambo mawili yanaweza kwenda pamoja bila ya moja kumzaa mwenzake. Walakini ulitosha kuwafanya watu wenye elimu waulize kama kuipunguza kotisoli ya ubongoni kungeweza kumfaa mzee.

Kinachoamsha na kinacholaza

Hapa msomaji na avumilie kidogo, kwa sababu bila ya jambo hili habari ya urukususu haiwezi kueleweka, na wengi wa wauzaji wa vidonge hawalitaji kabisa. Kiasi cha kotisoli kinachopimwa katika damu si kiasi kile kile kinachofanya kazi ndani ya ubongo, ini au figo. Kila kiungo kina njia yake ya kuongeza au kupunguza homoni hiyo ndani ya kuta zake.

Mnamo Septemba mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Minnesota, Marekani, tabibu Philip Hench na wenziwe walimdunga sindano mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, wakitumia kemikali iliyotokana na utafiti wa Edward Kendall. Baada ya siku chache mgonjwa aliinuka akatembea. Kemikali hiyo ni kotisoni, na kwa kazi hiyo Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Ajabu iliyokuja kufahamika baadaye ni kwamba kotisoni yenyewe haina nguvu. Ni kotisoli iliyolala. Iliweza kumpa nafuu yule mgonjwa kwa sababu mwili wake uliigeuza kuwa kotisoli.

Mgeuzo huo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini ambazo kazi yake ni kuharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini. Viko viwili. Cha kwanza huamsha: huichukua kotisoni iliyolala na kuifanya kotisoli yenye nguvu, nacho kimejaa katika ini, katika mafuta ya mwili na katika ubongo, ikiwemo hipokampasi. Cha pili hulaza: huishika kotisoli yenye nguvu na kuirudisha kuwa kotisoni, nacho hukaa hasa katika figo, na kwa mwanamke mjamzito hukaa pia katika kondo la nyuma. Tezi ya adrenali inaweza kuwa inatoa kiasi kile kile cha siku zote, na hata hivyo ubongo ukazidiwa na kotisoli, maadamu kinachoamsha kimeongezeka ndani yake. Na hilo limeonekana: kinachoamsha huzidi kwa umri katika ubongo wa panya, na kwa binadamu kimeonekana kuzidi katika ngozi.

Tabibu wa Heerenveen

Katika miaka ya 1940, tabibu mmoja wa Kiholanzi, F. E. Revers, wa mji wa Heerenveen, aliona wagonjwa wa vidonda vya tumbo wakipata nafuu kwa dawa iliyokuwa ndani yake mna maji mazito ya urukususu. Hakuikataa kwa kuwa ni dawa ya kienyeji, wala hakuitangaza kwa haraka. Aliijaribu na kuwaangalia wagonjwa wake kwa makini, na mwaka 1946 akaandika aliyoyaona. Vidonda vilipona kwa wengi. Lakini karibu mmoja katika kila watano alivimba uso na miguu, na wengine wakaumwa na kichwa na kupata taabu ya kupumua. Waliposimamishiwa dawa, uvimbe uliondoka. Namheshimu sana tabibu huyu, kwa sababu aliyaandika madhara kwa wino ule ule alioandikia manufaa, na lau angeyaficha elimu yote iliyofuata ingechelewa.

Wenzake wa Amsterdam, chini ya uongozi wa J. G. G. Borst, waliendelea na uchunguzi katika miaka ya 1950, wakagundua kwamba urukususu uliufanya mwili ushikilie chumvi na maji na kupoteza potasiamu, ambayo ni madini yanayohitajiwa na misuli na moyo. Hiyo ndiyo kazi hasa ya homoni nyingine ya adrenali, aldosteroni. Basi wakawapa urukususu wagonjwa wa Addison, waliokosa homoni hizo, na wengine walipata nafuu. Ila wale ambao tezi zao zilikuwa zimekufa kabisa hawakupata faida yoyote, mpaka walipopewa kotisoni pamoja na mzizi. Dalili hiyo ilikuwa wazi kwa anayetaka kuiona: urukususu haukuwa ukifanya kazi peke yake, bali ulihitaji homoni ya dhiki iwepo.

Fumbo hilo lilikaa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1987, Paul Stewart, Christopher Edwards na wenzao wa Edinburgh, Uskochi, walieleza kilichokuwa kikitendeka. Mahali pa figo panapopokea amri za aldosteroni panaweza pia kuipokea kotisoli, tena bila ya kubagua. Na kotisoli katika damu ni nyingi kuliko aldosteroni kwa mamia ya mara. Kinachoiokoa figo ni kile kimeng'enya kinacholaza, ambacho huiondolea kotisoli nguvu kabla haijafika pahala pale. Glisirizini, ikishafika tumboni, hugeuzwa na vijidudu vya matumbo kuwa asidi ya glisiretiniki, na asidi hiyo hukizuia kinacholaza. Kotisoli basi huifikia figo ikiwa macho, figo ikadhani imeamriwa na aldosteroni, chumvi ikazuiliwa, potasiamu ikamwagwa katika mkojo, na presha ikapanda.

Kwa ufupi: urukususu hauichochei adrenali itoe kotisoli zaidi. Huizuia figo isiilaze kotisoli iliyopo.

Wazee wa Edinburgh

Kama habari ingekomea hapo, urukususu ungebaki kuwa kitu cha kuhadhari nacho tu. Lakini asidi ile ile inayokizuia kinacholaza hukizuia pia kinachoamsha, na kinachoamsha ndicho kinachozidi katika ubongo unaozeeka. Jonathan Seckl na wenzake, wa Edinburgh vilevile, walikuwa wamechunguza panya waliozaliwa bila ya kimeng'enya kinachoamsha. Mwaka 2001 walieleza kwamba panya hao, walipozeeka, hawakupungukiwa na uwezo wa kujifunza kama walivyopungukiwa wenzao wa kawaida; tena homoni ya dhiki katika damu yao ilikuwa juu kidogo kuliko ya wenzao, ilhali katika hipokampasi ilikuwa chini. Sijui ushahidi mzuri zaidi kuliko huo wa kuonyesha kwamba kipimo cha damu peke yake hakitoshi kumwambia mzee hali ya ubongo wake.

Kisha wakaja kwa watu. Walitumia kabenoksoloni, dawa iliyotengenezwa Uingereza kutokana na asidi ya glisiretiniki na kutumiwa zamani kwa vidonda vya tumbo. Wanaume 10 wenye afya, wa umri wa miaka 55 hadi 75, walipewa dawa hiyo kwa wiki 4, na kwa muda mwingine wakapewa vidonge visivyo na dawa, wala wao wala wapimaji wasijue ni vipi. Walipokuwa katika dawa waliweza kutaja maneno mengi zaidi kwa muda waliopewa. Watu 12 wenye ugonjwa wa kisukari, wa umri wa miaka 52 hadi 70, walipewa kwa wiki 6, na kumbukumbu yao ya maneno ikawa bora. Habari hizi zilichapishwa mwaka 2004 na zikaenea duniani, na kuenea kwake ndiko kulikozaa sehemu ya ahadi tunazozisoma leo katika karatasi za makopo.

Kuna jambo ambalo karatasi hizo haziliandiki. Kila mmoja wa wazee hao alipewa pia dawa ya pili, amiloraidi, ambayo kazi yake ni kuikinga figo na madhara ya ile ya kwanza. Watafiti walijua vyema kwamba asidi ya urukususu haichagui kiungo: inapokizuia kinachoamsha ubongoni, wakati huo huo inakizuia kinacholaza figoni, na presha inayopanda huweza kuuharibu ubongo ule ule uliokusudiwa kulindwa. Aliyeinywa sharubati ya urukususu kila siku kwa kutaka kumbukumbu, bila ya amiloraidi na bila ya tabibu, hakufanya walilofanya wazee wa Edinburgh hata kidogo.

Tangu hapo makampuni ya dawa yametengeneza kemikali zinazokizuia kinachoamsha peke yake. Mojawapo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, yaani ugonjwa unaoufisha ubongo polepole na kufuta kumbukumbu, na jaribio likasimamishwa kwa kuwa halikuonyesha manufaa. Huenda ugonjwa ulikuwa umekwisha kwenda mbali. Huenda usahaulifu wa kawaida wa uzee na ugonjwa huo ni mambo mawili yenye asili mbalimbali. Utafiti unaendelea, na mimi ni miongoni mwa wanaoutakia heri.

Kiasi gani ni kingi?

Wataalamu wa chakula wa kimataifa wamekadiria kwa miaka mingi kwamba miligramu 100 za glisirizini kwa siku hazielekei kuwadhuru watu wengi. Kadirio hilo siku hizi lina mashaka: uchunguzi wa Sweden uliotangazwa mwaka 2024, wa vijana 28 wenye afya wa umri wa miaka 18 hadi 30, ulionyesha kwamba kiasi hicho hicho, kikiliwa kila siku kwa wiki 2, kilipandisha presha yao kwa wastani wa milimita 3 za zebaki. Kwa kijana hilo ni jambo dogo; kwa mzee ambaye presha yake tayari inamsumbua si dogo. Tena mzizi mmoja si sawa na mwingine, kwa sababu glisirizini inaweza kuwa sehemu 2 katika 100 za uzito wake au kupita 10, na hapana jicho wala ulimi unaoweza kuipima.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatahadharisha watu mwaka 2017 kwamba mwenye umri wa miaka 40 au zaidi, akila gramu 56 za peremende nyeusi za urukususu kila siku kwa wiki 2, anaweza kuharibikiwa na mapigo ya moyo. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts walieleza kifo cha mtu wa miaka 54 ambaye kwa wiki chache alikuwa akila mfuko mmoja na nusu wa peremende hizo kila siku. Potasiamu yake ilishuka mno, na moyo ukasimama.

Na katika Finland, ambako peremende hizi hupendwa sana, watafiti waliwafuatilia watoto wa akina mama ambao wakati wa mimba walikula zaidi ya miligramu 500 za glisirizini kwa wiki. Walipofika umri wa karibu miaka 13, watoto hao walikuwa nyuma ya wenzao kwa takriban alama 7 katika mitihani ya akili. Kinacholaza katika kondo la nyuma ndicho kinachomkinga mtoto na kotisoli ya mamaye, na mzizi huiondoa kinga hiyo. Hili ndilo linalonihuzunisha kuliko yote, kwa sababu mama aliyekula alidhani anakula utamu tu.

Watu hawa na wasitumie urukususu bila ya shauri la daktari:

– mwenye presha ya juu, ugonjwa wa moyo au wa figo;
– mwanamke mwenye mimba;
– anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, maana nyingi katika hizo nazo humwaga potasiamu, na mawili hayo yakikutana moyo huwa hatarini;
– anayetumia dijoksini, dawa ya moyo ambayo hugeuka sumu potasiamu inapopungua;
– anayetumia vidonge vya jamii ya kotisoni, kwa mfano prednisoloni, kwa pumu au baridi yabisi.

Aliyekunywa kikombe kimoja kwa kikohozi na afya yake ni njema hana sababu ya kuingiwa na hofu. Hatari iko katika mazoea ya kila siku kwa wiki nyingi, na dalili zake ni uvimbe wa miguu, kichwa kuuma, udhaifu au mikazo ya misuli, na moyo kwenda mbio au kuruka mapigo. Akiziona, mtu na aache mzizi siku hiyo hiyo na aende hospitali kupimwa presha na potasiamu. Na ajue kwamba, hata akiacha, figo huenda ikachukua wiki kadhaa kabla ya kurudi katika hali yake.

Ewe msomaji, kama una mzazi mkongwe anayekunywa urukususu au kumeza vidonge vya mmea wowote kwa ajili ya kumbukumbu, usimkemee wala usimfiche daktari. Siku ya kwenda kliniki zibebe paketi zote, za asili na za hospitali, katika mfuko mmoja, uziweke juu ya meza ya daktari, na umwombe aseme zipi zinaweza kukaa pamoja.